Nani Ameshika Barabara? Haki za Mtoto Vitani Mahali Pasipotambuliwa

(Hotuba iliyotolewa Arusha mbele ya wanafunzi wa sheria, walimu na maofisa ustawi wa jamii. Imeandikwa upya hapa kwa ajili ya wasomaji.)

Mwenyekiti, walimu wangu mliopo, ndugu wanafunzi, na ninyi maofisa mliosafiri kwa basi kutoka Kigoma: asanteni, na poleni na safari.

Nimeombwa nizungumzie haki za watoto wakati wa vita katika nchi ambazo dunia haizitambui. Mada hii ukiisikia unaona kama ya watu wa mbali. Mimi nitaianzia nyumbani, tarehe 13 Aprili 1968, siku serikali ya Mwalimu Nyerere ilipotangaza kuitambua Biafra. Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mwezi uliofuata wakaingia Gabon, Kodivaa na Zambia, na mwaka 1969 Haiti. Basi, orodha ikaishia hapo. Kwa dunia iliyobaki, Biafra ilikuwa sehemu ya Nigeria iliyoasi, na Ojukwu aliyeitangazia uhuru tarehe 30 Mei 1967 alikuwa mwasi.

Sikuja kubishana na uamuzi ule. Mwalimu aliutetea kwa hoja kwamba dola ipo kwa ajili ya usalama wa watu wake, na wapo waliompinga kwa hoja nzito vilevile, wakihofia mipaka ya Afrika nzima. Nataka mtazame kilichofuata. Mwezi mmoja tu baada ya tangazo letu, jeshi la shirikisho liliiteka Port Harcourt na Biafra ikabaki haina bahari. Mamilioni ya watu, wengi wao wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu, walibanwa kwenye kipande cha ardhi kilichozidi kusinyaa. Kabla ya vita watu wa mashariki walipata nyama kutoka kaskazini mwa Nigeria na samaki mkavu kutoka Norwei. Njia zote mbili zikakatika. Muhogo ulikuwepo bado, lakini mtoto wa miaka miwili hakui kwa muhogo mtupu.

Akina mama mliomo humu mnaijua kwashakoo. Nywele zinapauka na kuwa nyekundu, miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale. Mtoto anakuwa mtulivu kupita kiasi; hachezi, na mwisho halii hata njaa ikimshika. Picha za watoto wa namna hiyo zilianza kuchapishwa Ulaya katikati ya mwaka 1968, na ndizo zilizoifanya dunia ishtuke. Makadirio ya waliokufa hadi vita vilipokwisha Januari 1970 yanatofautiana sana, kuanzia nusu milioni hadi zaidi ya milioni mbili, na wengi wao walikuwa watoto. Kutambuliwa na Dar es Salaam hakukuwaletea kikombe cha maziwa. Nalisema hili nikiwa Mtanzania ninayejivunia mengi ya enzi ile.

Sasa tuulize kama wanasheria: je, sheria haikuwepo? Ilikuwepo. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, ibara ya 23, unazitaka nchi kuruhusu vyakula vya lazima vya watoto chini ya miaka 15 na akina mama wajawazito vipite, hata kama wanaoviletewa ni watu wa adui. Ila ibara ile iliandikwa kwa ajili ya vita baina ya dola na dola. Nigeria ikasema, na kwa maandishi ya mkataba haikukosea, kwamba hivi ni vita vya ndani. Ungetaka ibara ya 23 imlinde mtoto wa Umuahia, mji wa huko Biafra, ilibidi kwanza ukubali kwamba Biafra ni dola.

Chakula basi kikaja usiku. Palikuwa na mahali panaitwa Uli, ambapo barabara ya lami ilipanuliwa ikageuzwa uwanja wa ndege. Ndege za mashirika ya makanisa zilitoka kisiwa cha São Tomé, za Msalaba Mwekundu zilitoka kisiwa cha Fernando Poo, leo Bioko. Rubani anazunguka gizani, taa zote za ndege zimezimwa, anaomba ruhusa kwa redio. Taa za uwanja zinawashwa kwa muda mfupi tu, anatua, zinazimwa, na juu yake inazunguka ndege ya jeshi la Nigeria ikisubiri kudondosha mabomu kwenye taa hizohizo. Vijana wanapakua magunia ya samaki mkavu na maziwa ya unga mbio mbio ili ndege iondoke kabla hapajapambazuka. Makanisa peke yao waliruka zaidi ya safari 5,000 za namna hiyo. Usiku uleule, kwenye lami ileile, zilitua pia ndege za silaha. Hapo ndipo Nigeria ilipopata hoja yake, na mkitaka kuwa wakweli ilikuwa hoja.

Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilidunguliwa. Safari zao zikasimama. Yakaanza mazungumzo marefu. Lagos, yaani serikali ya Nigeria, ikasema: ndege zipite mchana, tuzikague. Mwezi Septemba Msalaba Mwekundu na Lagos wakakubaliana hivyo. Biafra ikakataa, ikihofia jeshi la Nigeria lingejificha nyuma ya ndege za chakula kuipiga Uli mchana. Kabla ya hapo kulikuwa na pendekezo la kupitisha chakula kwa barabara kutoka upande wa serikali. Biafra ikalikataa pia: watu walihofia sumu, na viongozi walihofia kuonekana wanalishwa na adui wanayesema si mtawala wao. Ukisoma makaratasi ya mazungumzo yale unaona kila pendekezo la njia ya chakula liligeuzwa kuwa swali la nani mwenye nchi. Anayekagua gunia ndiye mwenye mamlaka, kwa hiyo hakuna aliyekubali mwenzake alikague.

Na wapo watoto waliopata njia nyingine. Maelfu kadhaa walipakiwa kwenye ndege hizo zikirudi tupu, wakapelekwa Gabon na Kodivaa kutibiwa. Vita vikaisha. Watoto warudi kwao, kitu rahisi? Haikuwa rahisi. Gabon na Kodivaa ni miongoni mwa zile nchi zilizoitambua Biafra, na Nigeria haikuwa tayari kuwaomba watoto wake kwa serikali zilizokuwa zimeitambua sehemu yake kama nchi nyingine. Ikabidi Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liingie katikati. Watoto walianza kurudi mwishoni mwa 1970 na kumalizika mapema 1971, mwaka mzima baada ya bunduki kunyamaza. Wengine walikuwa wameondoka wachanga kiasi cha kutoweza kutaja jina la baba.

Nimekaa Biafra muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu mambo mengi tunayoyaona leo yalikwisha kuonekana pale. Tusonge.

Ndugu wanafunzi, kuna sentensi moja naomba muikariri kabla hamjatoka chuoni. Imo mwishoni mwa ibara ya 3, ile inayofanana katika Mikataba yote minne ya Geneva. Kwa maneno yangu: kutekeleza masharti haya hakubadilishi hadhi ya kisheria ya pande zinazopigana. Yaani unaweza kukaa na mtu aliyeshika bunduki na barabara, ukamtaka asiguse watoto, mkaandikiana na kusaini, na asubuhi yake yeye ni mwasi yuleyule kama jana. Waliotunga mikataba mwaka 1949 walijua serikali zitaogopa kuzungumza na waasi, wakaiweka sentensi ile kuondoa hofu hiyo. Miaka zaidi ya 75 baadaye bado napigiwa simu na watu wenye vyeo wakiniuliza kama kumwandikia barua kamanda fulani kuhusu shule ni kumtambua.

Ya pili ni maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu Namibia, ya tarehe 21 Juni 1971. Mahakama ilisema Afrika Kusini ilikuwa Namibia kinyume cha sheria, na nchi nyingine zisiyatambue matendo yake huko. Halafu, aya ya 125, ikaweka kando mambo kama usajili wa vizazi, vifo na ndoa: ukivikataa vitu hivyo, anayeumia ni mwananchi wa kawaida. Kwa hiyo makaburu wamekalia nchi kwa nguvu, lakini mtoto aliyezaliwa Windhoek na kusajiliwa kwenye ofisi yao amezaliwa, na cheti chake ni cheti. Maoni haya yametokana na mapambano yetu wenyewe kusini mwa Afrika, na inanishangaza tunavyoyasahau.

Mfano wa mahali ambapo jambo hili la kuandikiana na asiyetambuliwa lilifanyika kwa vitendo uko jirani, Lokichoggio, Turkana, karibu na mpaka wa Kenya na Sudan, leo Sudan Kusini. Baada ya njaa iliyoua watu wengi Bahr el Ghazal mwaka 1988, Umoja wa Mataifa ulikubaliana na serikali ya Sudan iliyoko Khartoum pamoja na SPLM, waasi wa kusini wa John Garang, kuanzisha mpango wa misaada uliowafikia raia wa pande zote mbili. Hiyo ni mwaka 1989. Mji mdogo wa vumbi ukawa na uwanja wa ndege uliokuwa na shughuli kuliko miji mikuu mingi. SPLM haikuwa dola. Ilikuwa na wilaya, mahakama, shule, kodi na jeshi, lakini hakuna kiti Umoja wa Mataifa, New York.

Mwaka 1995 SPLM na mpango ule walisaini kanuni za kazi, na ndani ya kanuni hizo waasi walitamka kwamba wanaunga mkono Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 na Mikataba ya Geneva. Soma tena: kundi lisilo dola, lisiloweza kuridhia mkataba wowote, limeweka sahihi kwamba litaufuata. Baada ya sahihi ziliendeshwa semina kwa makamanda, machifu, viongozi wa dini na vikundi vya akina mama. Maana sahihi ya mkubwa mmoja Nairobi haimfikii sajini aliye kwenye kizuizi. Machifu na akina mama wakishajua kilichoahidiwa, wana la kumwambia sajini.

Je, walitii? Nusu nusu. Waliendelea kuchukua wavulana jeshini. Chakula kiliibwa. Lakini kwa kuwa kulikuwa na karatasi, kulikuwa na pa kushika. Mkuu wa UNICEF wa wakati huo, Carol Bellamy, alikwenda kuonana na viongozi wa SPLA, jeshi la SPLM, mwaka 2000, wakaahidi kuwaachia watoto, na mapema 2001 zaidi ya wavulana 2,500 walisafirishwa kwa ndege kutoka Bahr el Ghazal kwenda mahali salama. Na upande wa serikali inayotambuliwa? Khartoum ndiyo iliyozuia ndege kwenda Bahr el Ghazal mapema 1998, na njaa ya mwaka ule mnaikumbuka. Kiti cha Umoja wa Mataifa hakimfanyi mtu awe mlezi mwema.

Niweke na kichekesho kidogo hapa, ingawa si cha kuchekesha sana. SPLM iliutamka Mkataba wa Haki za Mtoto ikiwa msituni mwaka 1995. Ilipopata nchi yake Julai 2011, Sudan Kusini ilichukua hadi Januari 2015 kujiunga nao rasmi.

Tuhamie mbali kidogo, milima ya Caucasus, kwa sababu huko kosa la Biafra lilirudiwa karibu neno kwa neno, juzi tu.

Nagorno-Karabakh ilijitangazia uhuru kutoka Azabajani Umoja wa Kisovieti ulipokuwa unavunjika. Ilikaa na rais, bunge na jeshi kwa miaka zaidi ya 30 bila kutambuliwa na nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa, hata Armenia iliyoisaidia kwa kila kitu. Watoto waliumia pande zote: waliouawa na baridi na risasi wakikimbia Khojaly mwaka 1992 walikuwa Waazabajani, na mamia ya maelfu ya Waazabajani walifukuzwa makwao katika vita hivyo. Vita vya mwaka 2020 viliporomosha mabomu mtawanyiko Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, na pia Barda, upande wa Azabajani. Sitaki mtu atoke hapa akidhani nina timu.

Baada ya vita vya 2020 Waarmenia wa Karabakh walibaki na barabara moja tu ya kwenda nje, ya Lachin. Tarehe 12 Desemba 2022 ikafungwa. Siku moja kabla, Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kulikuwa na tamasha la kimataifa la nyimbo la watoto, na baadhi ya watoto wa Karabakh walikuwa wamekwenda kulitazama. Walipogeuza kurudi, njia hakuna. Wazazi ndani, watoto nje. Januari ikaingia mgao wa chakula kwa kuponi. Chekechea zikafungwa kwa kukosa chakula na gesi ya kupashia moto, na huko Januari ni theluji. Tarehe 22 Februari 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Azabajani ihakikishe watu, magari na mizigo vinapita Lachin bila kizuizi. Mwezi Aprili kikawekwa kituo cha ukaguzi, na katikati ya Juni barabara ikabanwa zaidi. Ilipofika Agosti watu walikuwa wanakesha kwenye foleni ya mkate.

Sasa sikilizeni hili. Azabajani ilisema: njaa haipo, na kama mna shida tumieni barabara nyingine, ya Aghdam, inayotoka kwetu. Watu wa Karabakh wakaiziba barabara hiyo kwa matofali ya zege. Waliona kula mkate wa Aghdam ni kukubali nani mwenye nchi. Mmesikia Biafra hapo? Miaka zaidi ya 50 imepita, bara tofauti, na bado gunia la unga limekwama kwenye swali lilelile.

Msalaba Mwekundu mwishowe ulipata ufumbuzi ambao ungekuwa wa kuchekesha kama usingekuwa wa kusikitisha. Magari yaingie kwa barabara zote mbili, siku moja. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Tarehe 18 Septemba 2023 yakaingia hivyo, unga na dawa, upande wa Lachin na upande wa Aghdam. Tarehe 19 mashambulizi ya Azabajani yakaanza. Ndani ya siku chache zaidi ya watu 100,000 walikimbilia Armenia, na kwa hesabu ya UNICEF karibu theluthi yao walikuwa watoto. Tarehe 1 Oktoba ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliingia Karabakh kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka 30. Miaka yote ile suala la hadhi liliwazuia kuwa na ofisi pale, wakati kulikuwa na watoto wa kuwaangalia. Walipopata ruhusa, watoto walikuwa wamekwisha ondoka.

Nigusie Somaliland kwa kifupi tu, kwa kuwa yenyewe inastahili siku yake. Ilijitenga na Somalia, na kutoka mji wake mkuu, Hargeisa, imejiendesha tangu Mei 1991, ina sarafu, pasipoti na uchaguzi. Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto Oktoba 2015, nchi ya karibu mwisho kabisa duniani. Kwa karatasi, ripoti kuhusu mtoto wa Hargeisa inapelekwa kwa kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto huko Geneva na serikali ya Somalia iliyoko Mogadishu, ambayo haiendeshi zahanati wala shule hata moja kule. Mapigano ya Las Anod, mji ambao wenyeji wake waliukataa utawala wa Hargeisa, yalipoanza Februari 2023 na maelfu kwa maelfu ya akina mama na watoto kukimbilia Ethiopia, kila upande ulikuwa na wa kumlaumu, na kamati ya Geneva haikuwa na mtu wa kumwita akae kwenye kiti ajibu.

Nije Goma, maana najua ndiko mnakotaka nifike, hasa ninyi wa Kigoma.

AFC/M23, waasi wa mashariki mwa Congo, hawadai nchi yao. Lakini tangu waichukue Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu Februari, wanateua magavana, wanakusanya kodi, wanafungua na kufunga shule. Mtoto wa Birere, mtaa wa Goma, anatawaliwa na wao, huku serikali inayotambuliwa iko Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipotekwa. UNICEF ilisema mwezi Februari ule zaidi ya shule na vituo vya kusomea 2,500 vilikuwa vimefungwa Kivu zote mbili. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kwamba M23 waliwaua watoto baada ya kuingia Bukavu. Na upande wa pili, ripoti za Umoja wa Mataifa zinawataja Wazalendo, wanaopigana bega kwa bega na jeshi la serikali, kwa kuwaingiza watoto vitani. Kadogo, yaani askari mtoto, wa leo ana umri wa kadogo wa 1996, ila amebadilishiwa kamanda.

Mtazame na jambo dogo: mshahara wa mwalimu. Benki za Goma zilifungwa. Serikali haitaki fedha ziingie mji ulioshikwa na waasi, na inaeleweka kwa nini. Mwalimu analipwa na Kinshasa kupitia benki isiyofunguka. Akivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutoa fedha, nauli na makato yanamlia sehemu. Akitumia simu, wakala anakata chake. Mwezi wa tatu wa hali hiyo, mwalimu anaanza kuuza nyanya saa za vipindi. Hakuna kombora lililopiga darasa, na watoto hawasomi.

Hata hivyo mwaka huohuo mitihani ya taifa ilifanyika Goma na Bukavu. Karatasi za serikali ya Kinshasa, kwenye madarasa yanayolindwa na watu ambao Kinshasa inawaita magaidi. Mtu alizungumza na mtu. Hakuna aliyetambuliwa, hakuna bendera iliyoshushwa, na kijana wa miaka 18 wa Goma akafanya mtihani mmoja na mwenzake wa Lubumbashi. Wanaosema haiwezekani kupanga mambo ya watoto na waasi bila kuwatambua wanijibu hilo kwanza.

Najua pingamizi, na si la kupuuzwa. Waasi wanapenda sahihi. Wanapenda meza yenye kitambaa cha kijani, maji ya chupa na kamera. Kamanda aliyewachukua watoto jana, leo anapiga picha na mzungu wa shirika akiwarudisha 20, na kesho anaituma picha hiyo kwenye mazungumzo ya amani kama wasifu wake. Nimeona mashirika yakitumiwa hivyo. Kwa hiyo mimi nasema: zungumza, andika, lakini kwenye ngazi ya chini kabisa inayoweza kutimiza jambo. Kama ni chanjo, daktari wa wilaya na kamanda wa kizuizi wanatosha. Usimpandishie mtu cheo cha waziri ili akupe ruhusa ya jokofu la chanjo. Hakuna hafla. Karatasi itaje watu kwa majina yao na mahali walipo, bila vyeo vya serikali. Na mwambieni wazi kwamba sahihi yake haimfutii kesi. Thomas Lubanga alikuwa mkubwa wa waasi Bunia, mji wa Ituri huko Congo, siku zake, na mwaka 2012 Mahakama ya Jinai ya The Hague ilimtia hatiani kwa kuwaingiza jeshini na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ile, na shauri lenyewe lilihusu watoto wa Ituri wanaozungumza Kiswahili kama sisi.

Kwa upande wa serikali zetu ombi langu ni gumu kidogo. Acheni kuitumia hadhi kama kufuli. Hata ukiwa na haki ya nchi, na mara nyingi serikali zinayo, haki hiyo haihusishi kuzima mshahara wa mwalimu wa darasa la pili wala kuzuia maziwa mpaka mwasi akubali kukaguliwa na wewe. Pelekeni kwa barabara zote mbili siku moja ikibidi. Ulizeni kwanza nani ameshika barabara. Swali la nani mwenye nchi lina mabaraza yake na litachukua miaka. Mtoto wa miaka miwili hana miaka hiyo.

Na sasa ninyi wa ustawi wa jamii na walimu wakuu, kwa kuwa hili mtalikuta mezani Jumatatu. Familia inafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kutoka Kivu. Mama ana kadi ya kliniki ya mtoto na cheti cha kuzaliwa vyenye muhuri wa ofisi ambayo serikali ya Congo haiitambui, wala yetu. Mwenzenu mmoja aliniuliza kabla ya kikao: akiipokea karatasi hiyo, je, hajaitambua M23 kwa niaba ya Jamhuri ya Muungano? Hapana, mdogo wangu. Mamlaka ya kutambua nchi haiko kwenye kaunta yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka uangalie kwanza maslahi bora ya mtoto, na maslahi yake ni asichomwe tena chanjo aliyokwisha kuchomwa, asirudishwe darasa la kwanza wakati amefika la nne, na asipoteze jina alilopewa na baba yake.

Andika ulichokiona. Mji, tarehe, jina la zahanati, maneno yaliyomo kwenye muhuri kama yalivyo. Usiongeze neno "eti", usiongeze cheo. Piga nakala, mrudishie mama karatasi yake halisi, maana mkimbizi asiye na karatasi halisi huwa haaminiki kaunta inayofuata. Ukiona tarehe zinapingana, muulize mama taratibu kabla hujaandika kuwa ni za kughushi. Wengi walisajili mtoto miezi baada ya kuzaliwa kwa sababu ofisi ilikuwa imehamia mji mwingine. Na bosi wako akihoji kwa nini umeipokea, mpelekee aya ya 125 ya maoni yale ya Namibia. Nimeacha nakala mlangoni, chukueni mtoke nazo.